Waliokataa sita, walioondoka 22: kura ya Horsleydown na vikao vyetu vya kanisa

Mwaka 1691 kanisa la Kibaptisti la Horsleydown, eneo la Southwark kusini mwa mto Thames jijini London, liliamua kwamba litaimba wimbo kila Jumapili. Mchungaji alikuwa Benjamin Keach. Thomas Crosby, aliyechapisha historia ya Wabaptisti wa Uingereza kati ya 1738 na 1740, anasema kanisa lilikubaliana karibu lote, isipokuwa watu watano au sita. Haukupita muda, washirika wapatao 22 wakahama. Wakaanzisha kanisa lao Maze Pond, palepale Southwark, lenye imani ileile na utaratibu uleule, ila wao hawaimbi.

Kati ya hao sita na hao 22 kuna pengo la watu 16 hivi, na ndilo lililonivuta kukichambua kisa hiki. Tukizungumzia kuwahamasisha washirika washiriki maamuzi ya kanisa, kwa kawaida tunawasema wasiokuja kikaoni. Horsleydown watu walikuja. Walipewa muda mrefu kuliko ambao kanisa lolote la leo lingevumilia. Biblia ilifunguliwa, kura ikapigwa, wachache wakaheshimiwa kwa namna ambayo sijaiona mahali pengine. Na bado kanisa likachanika.

Jambo lenyewe

Anayesali leo katika kanisa la Kibaptisti Mbeya au Mombasa, lenye kwaya mbili tatu, sare, kinanda na spika zinazosikika mpaka stendi, ataona ni vichekesho Wabaptisti kugawanyika kwa sababu ya wimbo mmoja. Wakati ule hakukuwa na cha kuchekesha. Wabaptisti wa kwanza wa Kiingereza, kundi la John Smyth na Thomas Helwys lililoanza Amsterdam mwaka 1609, waliogopa kila kitu kilichoandaliwa kabla katika ibada. Walitoka katika kanisa la dola ambako sala zilisomwa kitabuni, na walikwishaapa kutorudi huko. Sasa wimbo wenye maneno yaliyotungwa mezani kwa mchungaji siku ya Jumatano, ukaimbwa Jumapili na watu wote kwa pamoja, una tofauti gani na sala ya kusoma? Roho Mtakatifu amepewa nafasi gani hapo?

Kulikuwa na hoja nyingine mbili. Mkutano wa Jumapili una waumini na wasioamini. Wakiimba pamoja, asiyeamini anamwambia Mungu maneno ambayo si yake. Na wanawake: kama mtume Paulo alisema wanyamaze katika kanisa, wataimbaje?

Ongeza hofu ya kawaida kabisa. Sheria ya mwaka 1664 ilipiga marufuku mkusanyiko wowote wa ibada nje ya kanisa la dola wenye watu zaidi ya watano mbali na wenye nyumba. Kanisa lililojificha haliimbi. Keach mwenyewe aliyajua hayo kwa mwili wake: mwaka huohuo wa 1664 alisimamishwa kwenye mbao za aibu sokoni Aylesbury, shingo na mikono ikiwa imebanwa, kwa kosa la kuandika kitabu kidogo cha kufundishia watoto, na kitabu kikachomwa moto. Alihamia London mwaka 1668. Mfalme Charles II alipotoa tangazo la nafuu mwaka 1672, kanisa lake lilijenga nyumba ya ibada Horsleydown.

Mtu aliyetoka kwenye mateso kama hayo angeweza kusema, mimi nimeteswa kwa ajili ya imani, nisikilizeni. Watumishi wengi wameutumia mtaji mdogo kuliko huo. Keach alikuwa na msimamo mkali juu ya kuimba. Aliamini ni agizo la Bwana, si pambo. Lakini katika utaratibu wa Kibaptisti hakuna askofu wa kukata shauri juu ya kanisa la mahali. Ungamo la imani ambalo Keach ni miongoni mwa waliolitia saini mwaka 1689 linasema wazi kwamba wachungaji na mashemasi huchaguliwa kwa kura ya pamoja ya kanisa lenyewe. Ukishakubali kwamba washirika ndio waliokuweka, huwezi kuwaburuza kwenye jambo linalogusa dhamiri zao kila Jumapili.

Hatua kwa hatua, karibu miaka 20

Aliwaendea taratibu. Kuanzia mwaka 1673 hivi aliomba ridhaa ya jambo dogo: wimbo mmoja, mwisho wa Meza ya Bwana. Andiko lilikuwa wazi, Mathayo 26:30: “Nao walipokwisha kuimba, wakatoka nje kwenda mlima wa Mizeituni.” Bwana mwenyewe na wanafunzi wake waliimba baada ya karamu, nani angebisha? Crosby anasema waliobisha walikuwa ndugu wawili tu.

Ona alivyochagua mahali pa kuanzia. Mezani wanakuwapo waliobatizwa peke yao, kwa hiyo hoja ya kuchanganyika na wasioamini haina pa kushika. Wimbo uko mwisho, haugusi mahubiri wala maombi. Na hauimbwi kila mara, kwa sababu Meza si ya kila siku. Kila aliyekuwa na wasiwasi aliona kwa macho yake kitakachotokea, na akaona dari haijaanguka.

Waliendelea hivyo kama miaka sita. Kisha kanisa likakubali kuimba pia siku za shukrani, zile siku maalumu ambazo taifa au kanisa lilitenga ili kumshukuru Mungu. Hapo wakakaa kama miaka 14. Katikati ya miaka hiyo watoto walizaliwa, wakakua, wakabatizwa, wakawa washirika wasiojua kanisa lisiloimba. Mwaka 1689 sheria ikaruhusu Wabaptisti kukusanyika bila kukamatwa, hofu ya kusikika ikaisha. Ndipo ikaja hoja ya kila Jumapili.

Keach aliwatungia nyimbo mwenyewe. Mwaka 1691 alichapisha karibu 300. Wapenzi wa mashairi wasizitafute. Hata Charles Spurgeon, aliyekuja kulichunga kanisa hilohilo zaidi ya miaka 150 baadaye na aliyemheshimu sana Keach, aliona ushairi wake heri usizungumzwe.

Hoja ilipopita, kanisa halikuwaambia wale watano au sita, “Mmeshindwa, tulieni.” Lilipanga wimbo uwe wa mwisho kabisa, baada ya mahubiri na baada ya sala inayofuata mahubiri. Asiyeweza kukaa akiusikia ana ruhusa ya kutoka nje, uani. Hajakosa neno, hajakosa sala, hajavunja ushirika, na hakuna atakayemwita mwasi. Nao wenyewe, kwa maelezo ya Crosby, waliuridhia mpango huo.

Jaribu kuiona Jumapili hiyo. Mhubiri amemaliza, sala imefungwa kwa amina, na katika ule ukimya watu wachache wanainuka kwenye mabenchi na kutoka. Wote wanawajua ni akina nani, na wanajua kwa nini. Wanasimama uani, pengine kwenye baridi ya Januari, wakisubiri beti ziishe. Wanaheshimiwa kweli, lakini pia wanaonekana kweli. Kura ya mtu ikageuka mwendo wa miguu mbele ya kanisa zima, wiki baada ya wiki.

Palipochanika

Mwaka 1690, kabla kura haijapigwa, Mbaptisti mmoja wa London aitwaye Isaac Marlow alichapisha kitabu cha kupinga uimbaji katika ibada. Keach akajibu kwa chapa mwaka 1691. Marlow akajibu jibu. Wakaingia wengine. Wakongwe wa Wabaptisti wa London wakajikuta pande mbili: Hanserd Knollys akiunga mkono wimbo, William Kiffin akiupinga, watu waliokuwa wamekaa jela kwa imani moja sasa wakisemana vitabuni.

Jambo lililokuwa la washirika wa kanisa moja likawa la soko. Mshirika wa Horsleydown aliyekuwa na shaka yake ndogo, ambayo angeweza kumweleza shemasi jioni moja, sasa alikuwa na kitabu mkononi kinachompa hoja, maneno makali na kundi la kujiunga nalo. Na mchungaji wake ndiye aliyekuwa mwandishi wa kitabu cha upande wa pili. Ungemwendeaje mchungaji kumwambia “bado sijaridhika” wakati amekwisha kuchapa majibu yake yanauzwa mjini?

Hapo ndipo namlaumu Keach. Karibu miaka 20 alikuwa mchungaji anayewangoja watu wake. Mwaka 1691 akawa mpiganaji wa hoja. Nadhani kitabu kiliwasaidia Wabaptisti wengi wa vizazi vilivyofuata, na kiliwaumiza wale waliokuwa wamekaa benchi la tatu kanisani kwake.

Mwaka 1692 mkutano mkuu wa makanisa ya Wabaptisti London ulilazimika kuingilia. Waliteuliwa ndugu saba wasome maandishi ya pande zote. Hawakuamua kama kuimba ni halali au si halali, kwa sababu mkutano ule haukuwa na mamlaka ya kuliamulia kanisa la mahali. Waliwakemea wote kwa matusi na kejeli, wakaagiza vile vitabu visiendelee kununuliwa wala kusambazwa. Lakini wa Maze Pond walikuwa wamekwisha kushika njia yao.

Wale 16

Turudi kwenye hesabu. Watano au sita wanasema hapana, 22 wanaondoka. Naona maelezo matatu.

La kwanza ni Crosby mwenyewe. Alikuwa mkwe wa Keach, ameoa binti yake. Anaposema kanisa lilikubaliana karibu lote, anasimulia sifa ya baba mkwe, na mkwe mwenye adabu hupunguza idadi ya waliombishia mzee.

La pili ni kwamba wengine waligeuka baada ya kura, wakishawishiwa na vitabu au wakifuata ndugu zao. Watu hawaondoki kanisani mmojammoja. Akiondoka baba, huondoka mke na mama mkwe.

La tatu ndilo ninalolipa uzito: kwamba wapo waliokaa kimya siku ya kura, na ukimya wao ukahesabiwa ndiyo. Baada ya karibu miaka 20 ya hatua ndogondogo, kusema hapana kulikuwa kumeshakuwa kugumu. Uliimba Mezani, mbona hukusema? Uliimba siku za shukrani, sasa Jumapili ina nini? Utaratibu wa polepole una hatari hiyo, na sijaona wengi wanaousifu wakiitaja: unamzoesha mtu, na mazoea yanafanana sana na ridhaa. Kila hatua iliulizwa peke yake. Hakuna mahali ambapo mshirika aliulizwa, “Tukienda mpaka mwisho wa njia hii, utakuwa pamoja nasi?”

Na tusisahau nani alikuwa na ruhusa ya kusema. Sehemu ya ugomvi ilikuwa juu ya sauti za wanawake, kama ni halali zisikike katika ibada. Mwanamke wa Horsleydown alikaa akiwasikiliza wanaume wakijadiliana kama yeye anaweza kufungua kinywa. Kama alikuwa na maoni, angeyatolea wapi?

Si kisio la hewani. Kanisa hilohilo lilikuja kugawanyika tena mwaka 1719, na safari hii sababu ilikuwa waziwazi. Benjamin Stinton, mkwe mwingine wa Keach aliyemrithi uchungaji, alikuwa amefariki. Kanisa likampigia kura John Gill, kijana wa Kettering aliyekuwa hajafika miaka 22. Alipata kura nyingi, lakini wapinzani wakadai kura haikuwa halali kwa kuwa wanawake nao wamepiga. Kanisa likawa mawili. Gill aliwekwa wakfu mwaka 1720 kwa upande uliomtaka, akalichunga mpaka alipofariki mwaka 1771. Upande wa pili ukaishia Unicorn Yard. Zaidi ya miaka 25 baada ya kura ya kuimba, Horsleydown walikuwa hawajaafikiana nani anahesabiwa anapopiga kura. Kama swali hilo lingeulizwa mapema, mwaka 1719 ungekuwa na ugomvi mmoja pungufu.

Kutoka Southwark mpaka kwetu

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya Waingereza wa kale. Njia ya kuja kwetu ni fupi kuliko inavyoonekana. Mtoto wa Keach, Elias, alivuka kwenda Pennsylvania akiwa kijana asiyeamini, akavaa mavazi meusi ya uchungaji kwa ujanja, akaanza kuhubiri, akashikwa na hofu katikati ya mahubiri yake mwenyewe na kukiri kwamba ni mwongo. Akaokoka, akabatizwa, na mwaka 1688 akawa mchungaji wa kwanza wa kanisa la Pennepek. Makanisa ya eneo hilo yakaungana katika Umoja wa Philadelphia, na ungamo walilolipitisha mwaka 1742 ni lile la London la mwaka 1689 pamoja na nyongeza mbili zilizotoka katika kazi ya akina Keach. Moja ni juu ya kuimba. Ungamo hilo likashuka kusini mwa Marekani, ambako Wabaptisti waliunda konvensheni yao, yaani umoja wa makanisa yao, mwaka 1845. Wamisionari wa konvensheni hiyo ndio waliofika Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Walituletea nyimbo, na walituletea kikao cha washirika.

Nyimbo zimeshika. Kikao kina matatizo.

Ibada imeisha saa saba. Katibu anasimama: “Wapendwa, washirika tubaki kidogo, tuna kikao kifupi.” Wageni wanatoka, na nusu ya washirika wanatoka nao. Mama ana genge lake, kijana anawahi mpira, mwenye watoto wadogo anawaona wameshaanza kulia njaa. Agenda inasomwa papo hapo kwa mara ya kwanza. Taarifa ya fedha inapita mbio, mapato, matumizi, salio. Mwenyekiti, ambaye mara nyingi ni mchungaji mwenyewe, anauliza: “Wapendwa, tumeafiki?” Sauti tano sita za mbele zinaitikia. “Basi tumeafiki. Mzee, tufungie kwa maombi.” Halafu chini ya mwembe, na usiku kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, ndipo kikao chenyewe kinapoanza. Huko watu wanasema. Huko ndiko utajua kwamba hawataki kiwanja kiuzwe, au kwamba hawaelewi pesa za paa zimekwenda wapi.

Kwa hiyo si kweli kwamba washirika wetu hawapendi kushiriki. Wanashiriki sana, isipokuwa pale ambapo muhtasari unaandikwa. Na wana sababu. Wengi wamefundishwa “usimguse mpakwa mafuta wa Bwana” mpaka kuuliza risiti kunaonekana ni kumgusa. Kijana anajua kwamba akimpinga mzee hadharani ataambiwa ni mtoto wa juzi. Mke hasimami kupinga hoja aliyoiunga mkono mumewe. Na yupo aliyetoa mabati, ambaye kila mtu anasubiri aseme kwanza.

Kuwahubiria kwamba kushiriki ni wajibu hakutaondoa hata kimoja kati ya hivyo. Matendo 6 inatusaidia zaidi ikisomwa kwa makini. Manung’uniko ya wajane yalianza pembeni, kama yetu ya chini ya mwembe. Mitume hawakuyaita uchochezi. Waliita jamii ya wanafunzi wote, wakalitaja tatizo wazi, wakaeleza aina ya watu wanaotakiwa, kisha wakawaachia kuchagua. “Neno hili likapendeza machoni pa mkutano wote,” inasema aya ya 5, na waliochaguliwa wote saba wana majina ya Kiyunani, lugha ya wale waliokuwa wakilalamika. Kilichokuwa kikisemwa pembeni kililetwa katikati bila kumwaibisha aliyekisema.

Ningefanya nini na kisa hiki

Ningechukua kwa Keach hatua ndogo, lakini ningeipa tarehe ya mwisho. Kanisa likitaka ibada mbili za asubuhi, likubaliane kujaribu miezi mitatu, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba mwezi wa nne hoja inarudi kwa washirika, hata kama mambo yanakwenda vizuri. Bila kurudi, jaribio hugeuka kuwa mazoea na mazoea yakaitwa kura. Tena mwanzoni kabisa njia nzima itajwe: tunajaribu hili kwa sababu tunafikiria lile.

Agenda itoke Jumapili mbili kabla, kwa maandishi, ibandikwe mlangoni na isomwe kwenye matangazo. Wiki ile ya katikati iende kwenye vikundi: akina mama wakae peke yao, vijana peke yao, vikundi vya nyumbani navyo. Kila kikundi kilete maoni kwa karatasi, yakiwemo ya wachache wasiokubaliana na wenzao, na yasomwe kikaoni bila majina. Binti ambaye hawezi kusimama mbele ya baba mkwe wake anaweza kumwambia mama mwenzake anayeandika. Wapo wanaosema huko ni kuligawa kanisa kimakundi. Makundi yapo tayari. Tofauti ni kwamba sasa yanaleta karatasi.

Siku ya kikao mwenyekiti asiulize swali moja. Aulize matatu, na ahesabu mikono kila mara: nani anaafiki, nani hakubali, nani bado hajaridhika. Hilo la tatu ndilo ambalo Horsleydown halikuwa nalo. Ni mlango wa mtu asiye na hoja ya kupinga lakini ana mzigo moyoni, na kwetu hao ndio wengi. Wakiwa wawili, endeleeni. Wakiwa theluthi ya waliohudhuria, hata kama walioafiki ni wengi kuliko waliokataa, mimi ningeahirisha. Jambo likiwa la mtu, kumwita mchungaji au kumchagua shemasi, iwe kura ya siri kwenye karatasi, na katiba ya kanisa iseme kabla ya siku hiyo nani ni mpiga kura. Wanawake na vijana waliobatizwa wasije kusikia suala lao likijadiliwa baada ya karatasi kuhesabiwa, kama ilivyotokea 1719.

Mchungaji asiwe mwenyekiti kikao kinapojadili mshahara wake, nyumba yake au hoja ambayo ameihubiria wiki nne mfululizo. Namaanisha hilo la mwisho. Mimbari ya Keach ilikuwa kitabu. Ya kwetu ni mimbari yenyewe. Hoja ikishahubiriwa kama agizo la Mungu, mshirika anayeipinga kikaoni anajiona anampinga Mungu, na atanyamaza. Mchungaji aseme msimamo wake, ni haki yake na ni kazi yake, lakini auseme kikaoni mahali ambapo anaweza kujibiwa.

Uani je? Huo ningeutafuta kwa kila uamuzi unaowezekana. Kanisa limeamua kujenga, na familia tatu hazikubali kwa dhamiri kukopa benki: ziruhusiwe kutoa kwenye mfuko wa wagonjwa, na orodha ya ahadi za jengo isisomwe kwa majina. Wasitembezwe mbele ya watu kila Jumapili kama wale wa Southwark. Lakini kuna mambo yasiyo na uani. Mchungaji akiitwa, ameitwa kwa wote. Mshirika akitengwa, ametengwa na wote. “Liambie kanisa,” inasema Mathayo 18:17, na kanisa likishaambiwa halina pembeni ya kusimama. Kwa mambo hayo subira iwe kabla ya kura, kwa sababu baada yake hakuna nafasi ya kumwekea mtu.

Nimewahi kuambiwa kwamba utaratibu huu utaligeuza kanisa kuwa bunge. Nadhani bunge tunalo tayari, la kwenye mwembe, lisilo na spika wala kumbukumbu. Lingine ni kwamba utachukua muda. Ni kweli utachukua. Maze Pond walikaa karibu nusu karne bila wimbo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1730 walipomwita mchungaji aliyeweka kuimba kuwa sharti la kuja kwao, nao wakaimba. Wajukuu walianza kuimba, jambo walilolikimbia babu zao, kwa uamuzi wa kanisa lao wenyewe.

Kwa katibu anayeandaa kikao cha robo hii, kazi ya kwanza ni daftari la washirika. Aweke alama kwa kila ambaye hakuhudhuria vikao viwili vilivyopita, na kwa kila aliyehudhuria bila kusema neno. Awagawe kwa mashemasi, kila shemasi nyumba chache, wakapige hodi kabla ya Jumapili ya agenda, bila kuwashawishi upande wowote. Swali ni moja: katika mambo tuliyoamua mwaka huu, lipi bado hujaridhika nalo? Majibu yaandikwe, na yawe kipengele cha kwanza cha yatokanayo, kabla ya taarifa ya fedha.